Flaiwili ya Matundu Manane

Adrisi alishuka kwenye basi mjini Mbale na gunia begani, na kila aliyekutana naye alijipisha, maana grisi ilikuwa imepenya gunia na kumchafua shati hadi kiunoni. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi na mtaa wa maduka ya spea umefurika. Mafundi walipita na vyuma mikononi, wanawake na beseni za ndizi kichwani, boda zikipiga honi katikati yao. Ndani ya gunia mlikuwa na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalokaa nyuma ya injini na kushikana na klachi. Ilikuwa imeungua ikapasuka nyufa. Aliingia maduka matatu, na yote matatu yakamwambia aende kwa Hajji Masinde.

Kwa Hajji Masinde hakumkuta Hajji. Alimkuta msichana mrefu aliyevaa dera la kijani na mtandio mweusi, aproni ya turubai juu yake, kipande cha chaki sikioni. Huyo alikuwa Kulusumu, binti wa Hajji, aliyeshika duka tangu baba yake aanze kuugua.

"Weka sampuli hapa," alisema.

Ndivyo mafundi wa huku wanavyonunua. Mtu haendi dukani na jina la spea, anakwenda na ile iliyokufa, muuzaji anaiweka mezani na kuitafutia mwenzake. Kulusumu alitia alama ya chaki kwenye jino moja la ukingoni, akayahesabu yote, midomo ikichezacheza, mpaka akairudia alama. Kisha akahesabu matundu ya boliti pale katikati. Akayahesabu tena.

"Manane. Ni gari gani?"

"Corolla."

"Corolla zote ninazozijua hapa zina sita, bwana. Hii injini si yake."

Adrisi akacheka kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu. Akaeleza kwamba gari aliachiwa na marehemu baba yake, kwamba yeye ni fundi kule Nalufenya, Jinja, na ameitia injini ya gari jingine lenye nguvu, akafupisha springi na kupanua ekzosi. Basi, hayo tu. Si gari la mashindano.

"Lakini ulitaka lifanane nalo."

"Kidogo."

Kulusumu aliinama kuficha tabasamu. Akamwambia ya matundu manane hana, ataitazamia kwenye kontena lijalo, aache sampuli na nambari ya simu. Akaandika jina lake kwa chaki juu ya chuma. Adrisi alipanda basi la kurudi mikono mitupu, na alipofika Iganga ndipo alipokumbuka kwamba hakuuliza kontena linakuja lini.

Akapiga simu kuuliza. Kesho yake akapiga tena. Kontena lilikwama Mombasa, na gari likakaa juu ya matofali Nalufenya miezi mitatu, lakini Adrisi hakulalamika, maana kila Jumamosi ya pili alikuwa na sababu ya kwenda Mbale. Alikuja na samaki wa Masese waliofungwa kwenye gazeti. Hajji, aliyekuwa akikaa kwenye benchi mbele ya duka na tasbihi yake, alimuuliza siku moja kama Jinja hakuna simu ya kuulizia chuma. Kulusumu nyuma ya kaunta akaangusha boksi la boliti, akachukua muda mrefu sana kuziokota.

Walipendana hivyo, mezani kati ya vyuma. Kulusumu alimwita "fundi wangu wa matundu manane," naye akamwita "Kulu." Mwezi wa tatu Adrisi akasema wazi kwamba anataka kuleta wazee.

Hajji hakukataa. Ila madaktari walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi, na alitaka kuingia kitandani akijua binti yake yuko kwa nani. Akapanga posa iwe Jumamosi ya kabla yake, baada ya swala ya Adhuhuri. Aliongeza neno moja kwa upole. Bwana Habib, mnunuzi wa kahawa, naye alikuwa ameulizia, tena ni mtu wa heshima asiye na baya. "Mimi sikulazimishi," Hajji alimwambia binti yake. "Lakini sitaki nife mlango uko wazi."

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo simu ikalia.

"Kulu, nimepata flaiwili hapa Jinja. Nyepesi, ya mashindano. Na klachi yake, ile ya vidonge vya shaba. Leo naifunga."

Kulusumu aliacha gazeti alilokuwa akikunja. Mbele yake juu ya kaunta, ile nzito ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Alikuwa ameisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akaanza kuifunga kwenye gazeti.

"Yako imefika," alisema. "Matundu manane, meno sawasawa. Na pleti ya klachi, ya kawaida, ya kwenda nayo."

"Ya kawaida ni ya mzee anayekwenda shambani."

"Na wewe unakwenda wapi? Utapakia wazee watatu na mchele na sukari. Flaiwili nyepesi haina akiba ya nguvu, Adrisi. Ukianza kuondoka itazima, wewe utaikanyagia mafuta na kuitelezesha klachi, na barabarani wanakokarabati utafanya hivyo mara mia. Itaungua."

"Mimi ni fundi, mpenzi."

"Najua. Na mimi ndiye nahesabu meno."

"Nataka mtaa wenu wote wa Malukhu wasikie nimefika."

"Malukhu hawaozeshi injini."

Alilisema kwa utani, lakini kwa Adrisi lilikaa kifuani kama mfupa. Alisema ana kazi, akakata. Kulusumu akamaliza kufunga lile gazeti, akaandika juu yake jina la Adrisi, akalisukuma chini ya kaunta.

Jumamosi Corolla lilitoka Nalufenya likinguruma kama simba mwenye kikohozi, na watoto wakakimbia kuliangalia. Adrisi alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, nyuma wamekaa wazee wawili wa msikitini. Walipita Tororo kumchukua ba mdogo wake, Mzee Swaib, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya marehemu kaka yake. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini baada ya Tororo barabara ilikuwa inachimbwa, wanaume wenye bendera nyekundu wakisimamisha magari kila hatua chache. Gari lilizima. Likawashwa, likaruka kama mbuzi, likazima tena. Adrisi akakanyaga mafuta, akaiachia klachi nusunusu, na kila aliposimama aliifanyia hivyo hivyo. Harufu ikaanza kupanda, harufu ya kucha iliyochomwa. Mzee Swaib akafungua dirisha.

Walipofika Busiu, saa sita na nusu mchana, injini ilinguruma vizuri tu, ila magurudumu hayakuzunguka hata kidogo.

Kutoka hapo hadi Mbale si mbali. Teksi zilikuwa zinapita kila baada ya dakika chache, na Mzee Swaib akasema neno la akili, kwamba wachukue mizigo wapande teksi, gari wataliona baadaye. Adrisi alijua ni neno la akili. Lakini alijiona akishuka kwenye teksi kule Malukhu, gunia la mchele begani, na Kulusumu dirishani akijua hasa kilichoungua na kwa nini. Fundi mzima. Ameambiwa na msichana, akakataa, na limekwenda neno kwa neno kama alivyosema.

"Dakika tano tu, ba mdogo," alisema, akavua koti, akaingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe.

Dakika tano zikawa saa moja, zikawa mbili. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya wachoma mahindi, magari yakiwarushia vumbi. Mara nne Mzee Swaib alimwita, mara nne akajibiwa dakika tano. Ilipoadhiniwa Alasiri akasimama, akakung'uta kanzu yake.

"Nimezeeka, Adrisi, lakini sijawahi kuwekwa kando ya barabara na mtu ninayekwenda kumwombea mke."

Akavuka barabara na wale wawili, wakapanda gari la kurudi Tororo.

Simu ya Adrisi ilikuwa juu ya tairi la akiba. Ililia mara kumi na moja, na kila ilipolia aliona jina lile lile likiwaka. Mwishowe aliandika, "Leo haiwezekani. Nisamehe." Kisha akaizima, akakaa chini akiegemea mlango, mikono miwili kichwani.

Kule Malukhu mikeka ilikuwa imetandikwa tangu asubuhi. Kulusumu alikuwa amevaa gomesi ya zambarau yenye ukingo wa dhahabu, hina imepanda mpaka viwikoni. Shangazi yake Rania alikuwa amemsugua vidole kwa limau na majani, lakini weusi wa grisi chini ya kucha ulikataa kutoka. Pilau likapoa. Wageni walitazamana, wakatazama saa, wakaacha kutazamana. Ujumbe ulipoingia Kulusumu aliusoma mara moja, akampa shangazi simu, akaenda chumbani akakaa sakafuni na gomesi yake yote ikamzunguka kama maji.

Hajji aliwashukuru watu kwa kuja, akawaomba waende na chakula. Jioni aliingia chumbani kwa binti yake akajishikilia mlango, maana kusimama kulikuwa kazi kwake.

"Amekuambia sababu?"

"Hapana, baba."

"Basi Jumatano nitawaita wazee wa Habib. Alhamisi mimi nalazwa. Sina siku za kuchagua, mwanangu."

Hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu.

Jumapili Kulusumu alipiga simu mpaka kidole kikachoka, nambari haipatikani. Jumatatu alifungua duka, akauzia watu vitu visivyo, akarudishiwa, akaomba radhi. Chini ya kaunta mguu wake uligusa lile gazeti lenye jina, akauondoa kama aliyeungua. Aliswali, na katika sijda hakuwa na maneno mengi. Aliomba tu kama Adrisi amemwacha basi aambiwe amemwacha, maana kutojua kulikuwa kunamla kuliko kuachwa. Hakuweza kula. Usingizi ulipomjia uliondoka mapema.

Jumanne mchana aliingia dukani mwanamume mnene mwenye ovaroli, na gunia. Alisema anaitwa Asadu, fundi wa Busiu, na miguu imemwisha, jana na leo amezunguka Mbale nzima.

"Hii kitu ni ya mutu ya Jinja," alisema, akaitua mezani. "Aliniambia tafuta duka lolote, lakini kwa Hajji Masinde usiende. Sasa kila duka nikifika wananiambia, matundu manane? Nenda kwa Hajji Masinde. Nitafanya nini, nyabo?"

Kulusumu alitazama. Ilikuwa flaiwili nyembamba, imekatwa pembeni kupunguziwa uzito, uso wake umekuwa wa buluu kwa joto. Na pleti ya vidonge vya shaba, vidonge vyote vimeyeyuka. Hakuhitaji kuhesabu, lakini alihesabu. Moja, mbili, mpaka nane.

"Gari hili liliharibika lini?"

Jumamosi, Asadu alisema, saa sita hivi na nusu. Lilikuwa na wazee wenye kanzu na zawadi. Wazee wakakasirika wakaenda. Mwenyewe yuko pale pale mpaka leo, analala ndani ya gari, mahindi anapewa na wanawake kwa kumhurumia. Ukimuuliza anasema alikuwa anakwenda kuoa.

Kulusumu aligeukia rafu, akavipa vyuma uso na Asadu mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, sauti imenyooka. Akainama akatoa lile gazeti lenye jina na boksi la pleti ya kawaida, akaweka na boliti nane mpya, akasema za zamani zisirudishwe.

"Mwambie awashe simu," alisema. "Asipoiwasha, nirudishie hivi vyote."

Simu ikalia jua likiwa linashuka.

"Kulu," Adrisi alisema.

"Sikuulizi kwa nini hukufika. Nakuuliza kwa nini hukusema."

"Ungecheka."

"Ningecheka. Halafu ningekuletea flaiwili."

Kulusumu akasikia pumzi ya Adrisi ikikatika kule upande wa pili.

"Nilikuwa Busiu tu. Nilikuwa naona matela ya ndizi yanakuja kwenu, mimi siji."

"Sikiliza. Kesho baada ya Adhuhuri wazee wa Habib wanaketi kwetu. Nitaulizwa. Mimi siwezi kukusemea kwa baba. Utakuja useme mwenyewe, na ba mdogo wako, la sivyo usije. Na klachi ni mpya, usiikimbize. Ukiikimbiza kabla haijakaa itaungua kama ile."

"Niende Tororo nirudi mpaka Mbale, polepole, kabla ya Adhuhuri?"

"Mimi nimekuambia habari ya klachi. Habari ya saa muombe Mungu."

Jumatano Adrisi na Asadu walianza kuifunga flaiwili nzito alfajiri. Saa nne boliti nane zilikuwa zimekazwa, saa tano na nusu gari lilisimama likipumua taratibu, halirukiruki. Adrisi akageuza kuelekea Tororo, akipitwa na kila kitu, hata baiskeli za mkaa kwenye miinuko. Alimkuta Mzee Swaib ukumbini anakunywa chai. Hakumkaribisha kuketi. Adrisi alipiga magoti sakafuni na ile kanzu chafu, akaeleza yote, bila kuacha neno la Kulusumu kwenye simu wala lake. Mzee akamaliza chai yake kwanza.

Na Malukhu, watu wa Habib walifika kwa wakati, nadhifu, wakanukia udi. Habib mwenyewe aliketi ameinamisha kichwa kwa adabu. Shangazi Rania alikuwa ameichukua simu ya Kulusumu tangu asubuhi, maana mwali hashiki simu siku kama hiyo, akamkalisha nyuma ya pazia la sebule. Kwa watu wa nyumba ile mwali huulizwa mara tatu. Akinyamaza, kimya chake ndicho ndiyo. Asiyetaka lazima atoe sauti, na watu waisikie.

"Kulusumu, bwana Habib amekuposa. Unasemaje?"

Alisikiliza nje. Kulikuwa na jogoo, na redio ya jirani.

"Kulusumu, bwana Habib amekuposa. Unasemaje?"

Hakuna gari. Kupitia upenyo wa pazia aliona miguu ya baba yake, imevimba ndani ya makubazi, na moyo ukamwambia anyamaze tu, mzee apumzike. Anyamaze, yaishe. Shangazi akavuta pumzi kwa mara ya tatu.

"Hapana," Kulusumu alisema. "Baba nisamehe. Bwana Habib anisamehe, hana kosa. Hapana."

Sebule ikawa baridi. Habib alikuwa wa kwanza kusimama; akamshika Hajji mkono, akasema amefurahi kwamba ameambiwa ukweli mapema, akatoka na watu wake. Hajji hakumwita binti yake. Aliketi pale pale anatazama mikeka. Saa nane ikapita. Saa tisa. Shangazi alianza kukusanya vikombe kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika, akiviambia vikombe kwamba wako wasichana wanaoacha mchele mkononi kwa ajili ya moshi wa ekzosi. Kulusumu alibaki nyuma ya pazia, kwa sababu hakujua aende wapi. Alasiri ilikuwa inakaribia. Amekataa mtu mwema mbele za watu, na baba anakwenda kukatwa kesho na hilo kifuani, na barabara iko kimya.

Kisha akaisikia. Mbali, kwenye kona ya barabara, injini ikija polepole kama mtu anayehesabu hatua. Haikunguruma. Ilipumua kwa usawa, nzito, hata ilipopunguza kwenye tuta haikuyumba. Aliujua mpigo ule kabla hajaliona gari. Alikuwa ameisugua flaiwili ile kwa mikono yake.

Hajji alitoka mpaka kizingitini, ameshika mwimo wa mlango.

"Umechelewa tena," alisema.

Adrisi alishuka, grisi mpaka masikioni, kanzu haina rangi. Mzee Swaib alishuka nyuma yake, safi.

"Nimechelewa, Hajji. Fundi wangu wa klachi alinikataza kukimbiza."

"Na Jumamosi?"

Adrisi aliwatazama majirani waliokuwa wameanza kusimama kwenye ua. Akasema kwa sauti ya kusikika.

"Jumamosi niliharibikiwa Busiu. Binti yako aliniambia flaiwili nyepesi itaniunguzia klachi, mimi nikajiona najua. Ikaungua. Nikaona aibu kumwambia, nikazima simu. Nilikuacha umekaa na wageni wako kwa sababu ya aibu yangu. Hakuna sababu nyingine."

Hajji alimtazama Mzee Swaib, kama anayeuliza kama ndivyo.

"Nami nilikasirika nikarudi nyumbani," Mzee Swaib alisema. "Leo nimekuja kwa mwendo wa konokono kutoka Tororo. Ukitufukuza, Hajji, tafadhali nikubalie angalau niketi kidogo kwanza."

Kitu kikachezacheza pembeni mwa mdomo wa Hajji. Akasogea kando ya mlango, nafasi ikatosha mtu mmoja kupita, halafu wawili. Mzee Swaib akaingia, akaketi mkekani, akasema maneno ya posa kwa jina la marehemu kaka yake. Alipomaliza, shangazi Rania aliacha vikombe, akaenda kwenye pazia akijifuta mikono.

"Kulusumu, Adrisi amekuposa. Unasemaje?"

Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti.

"Kulusumu, Adrisi amekuposa. Unasemaje?"

Adrisi alikuwa bado amesimama ukumbini, hajathubutu kuketi. Alikuwa anatazama ule ukingo wa pazia chini, ambapo vidole vya mguu vyenye hina vilikuwa vimetulia kabisa.

"Mara ya tatu nakuuliza, mwanangu. Adrisi amekuposa. Unasemaje?"

Redio ya jirani ikaisha wimbo wake. Watu wa uani walishika pumzi. Wakasubiri, na kimya kikakaa, kikazidi kukaa, mpaka shangazi akajifunika uso kwa ncha ya mtandio na mabega yakaanza kumcheza. Sauti pekee iliyobaki ilikuwa ya Corolla pale nje, ikipumua taratibu, maana Adrisi alikuwa ameogopa kuizima.

Hajji alishusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumamosi.

"Zima gari, Adrisi," alisema. "Umefika."